Kisima cha Mwalimu: Ushuhuda wa Usomaji na Uhakiki wa Fasihi katika Shule za Kitui na Makueni

Utangulizi

Uhakiki wa fasihi ya Kiswahili umekwisha kumshughulikia mwandishi kwa mapana, na kazi yake kwa mapana zaidi. Umeuliza mwandishi ni wa tabaka gani, anamwandikia nani, na fani yake inabeba vipi maudhui yake. Msomaji naye hutajwa mara kwa mara, lakini aghalabu hutajwa kwa jina la "jamii" au "hadhira", yaani kundi lisilo na sura wala makazi. Yuko msomaji mmoja hasa ambaye amesahauliwa, ingawa katika nchi kama Kenya ndiye anayeamua kitabu kitasomwa vipi na vijana wa kizazi kizima. Msomaji huyo ni mwalimu wa shule ya sekondari.

Makala haya yanachunguza aina ya maelezo ambayo hayajapewa nafasi yake katika taaluma. Nayo ni yale maelezo ambayo mwalimu humpa mwalimu mwenzake kuhusu kitabu alichokisoma: kilimshika wapi, kilimkera wapi, kilimkumbusha nini. Maelezo ya namna hii hutolewa katika chumba cha walimu wakati wa chai, katika semina za somo, na katika vikao vya kusahihisha mitihani kalamu zinapowekwa chini. Hapa yataitwa ushuhuda wa usomaji. Mahali panapoangaliwa ni Kitui na Makueni, nchi mbili za Ukambani zilizo kame kuliko Machakos, ambazo tangu mwaka 2013 ni kaunti, Makueni ikiwa imekwisha kukatwa kutoka wilaya ya Machakos mwaka 1992. Mahali hapa pamechaguliwa kwa sababu mbili. Kwanza, mwalimu wa huko huifikia lugha ya Kiswahili akitoka katika lugha nyingine ya Kibantu iliyo hai, na kwa hiyo husoma kwa masikio mawili. Pili, mambo ambayo vitabu vingi huyatumia kama ishara, hasa maji, ukame na njaa, kwake ni mambo ya kila mwaka.

Swali lenyewe ni hili: je, ushuhuda wa usomaji ni uhakiki, au ni mazungumzo ya kupitisha wakati? Jibu linalotetewa hapa ni kwamba ushuhuda huwa uhakiki pale tu ambapo tajiriba ya msomaji inamrudisha katika matini, na matini nayo inaruhusiwa kumkatalia. Ushuhuda usiokubali kukataliwa na kitabu hugeuka kuwa mahubiri. Na shule isiyokuwa na ushuhuda wowote huwaachia wanafunzi wake miongozo peke yake.

Safu ya maoni

Haifai kumlaumu mwalimu kabla ya kuangalia hali anamofanyia kazi. Mwaka 1974 walimu na wahadhiri walikutana katika shule ya Nairobi School kujadili ufundishaji wa fasihi ya Kiafrika katika shule za Kenya, na maandiko ya mkutano huo yalihaririwa na Gachukia na Akivaga yakatolewa mwaka 1978. Vita vya wakati ule vilikuwa juu ya swali la vitabu gani visomeshwe, na kwa kiasi kikubwa vita hivyo vilishindwa na upande wa Afrika. Hata hivyo maandiko yenyewe yalitolewa kwa Kiingereza, na mwalimu wa Kiswahili hakuwa katikati ya mjadala. Alipokuja kuwekwa katikati, aliwekwa na mtihani. Mfumo wa 8-4-4 ulipoanza mwaka 1985, Kiswahili kilifanywa somo la lazima na la kutahiniwa. Kutokea hapo fasihi ya Kiswahili ilipata wasomaji wengi kuliko ilivyopata kuwa nao kabla, lakini iliwapata kwa mlango wa karatasi ya tatu: maswali manne, kila moja alama ishirini, muda wa saa mbili na nusu.

Mtihani wa namna hiyo huzaa kitabu cha pili kando ya kitabu cha kwanza, nacho ni mwongozo. Muundo wa miongozo unajulikana na kila msomaji wa jarida hili: muhtasari, dhamira, maudhui, wahusika na sifa zao, mbinu za lugha, mbinu za sanaa, kisha maswali ya mazoezi. Miongozo mingine imeandikwa kwa uangalifu, na haitakuwa haki kuitupa yote kapuni. Kasoro yake kubwa ni kwamba haina mtu ndani yake. Hakuna ukurasa wa mwongozo unaosema kwamba msomaji fulani alifika mahali fulani akasita, au akacheka, au hakuelewa. Mwanafunzi anayelelewa na mwongozo hujifunza kwamba kitabu ni ghala la vitu vilivyokwisha kuhesabiwa, na kwamba kazi yake ni kuorodhesha.

Mwalimu mwenyewe hajaachiwa nafasi kubwa ya kusema vingine. Katika azimio lake la kazi, baada ya juma, kipindi, somo, shabaha, shughuli, nyenzo na asilia, huja safu ya mwisho yenye kichwa "Maoni". Safu hiyo ndiyo nafasi pekee, katika makaratasi yote ya kazi yake, iliyotengwa kwa ajili ya fikra zake. Aghalabu ni nyembamba kuliko zote, na hujazwa maneno yale yale: somo lilifaulu, somo lirudiwe. Haiulizwi mahali popote kama mwalimu aliguswa na kitabu alichokisomesha. Ndiyo maana ushuhuda wa usomaji umebaki kuwa fasihi simulizi ya chumba cha walimu, isiyorekodiwa wala kujibiwa.

Je, kumbukumbu ni kosa?

Wako watakaosema kwamba ni vyema ubaki huko huko. Hoja yao si dhaifu, na ina mzee wake. Katika kitabu chake Practical Criticism cha mwaka 1929, I. A. Richards aliwagawia wanafunzi wa Cambridge mashairi yasiyokuwa na majina ya watunzi, akakusanya maelezo yao, akayachambua. Miongoni mwa magonjwa aliyoyagundua ni mawili yanayohusika hapa. La kwanza ni kumbukumbu zisizohusika: msomaji anakutana na neno linalomkumbusha jambo lake mwenyewe, naye anaondoka na jambo hilo na kuliacha shairi. La pili ni majibu ya akiba: msomaji ana hisia zilizokwisha kutayarishwa juu ya mama, nchi au kifo, na neno likiguswa tu hisia hizo hufunguka zenyewe kama mtego. Mtu aliyesoma Richards akikaa na walimu wanaozungumzia vitabu atayaona magonjwa yote mawili katika nusu saa ya kwanza.

Miaka tisa baadaye, mwaka 1938, Louise Rosenblatt wa Marekani alitoa Literature as Exploration, akiwaangalia wasomaji hao hao kwa jicho jingine. Kwake, kazi ya fasihi haiwi kamili mpaka msomaji ameingia na yote aliyo nayo. Kumbukumbu si uchafu wa kufagiliwa nje bali ni sehemu ya malighafi. Lakini Rosenblatt, na jambo hili husahauliwa na wanaomtaja kwa haraka, hakusema kwamba kila usomaji ni sawa na mwingine. Alimtaka msomaji arudi katika matini aone kama yaliyomo yanaruhusu alichokisema.

Katika Kiswahili mjadala huu una historia yake. Sengo na Kiango walipotoa kitabu chao cha uhakiki mwaka 1973 walikiita Hisi Zetu, jina linaloweka hisi mlangoni. Uhakiki uliofuata katika miaka ya 1970 na 1980 ulizitilia shaka hisi, kwa sababu ya haki, ukataka kujua ni hisi za tabaka gani. Baadaye zikaja nadharia nyingi zaidi, na kitabu cha Kyallo Wadi Wamitila, Uhakiki wa Fasihi: Istilahi na Nadharia Zake, cha mwaka 2002, kikazipatia majina ya Kiswahili, ikiwamo nadharia ya upokezi inayomshughulikia msomaji. Kwa hiyo istilahi tunazo. Tusichokuwa nacho ni mifano ya wasomaji halisi wa mahali halisi ambao usomaji wao umepimwa. Sehemu mbili zinazofuata zinajaribu kupima namna mbili za kusoma zilizo wazi kwa mwalimu wa Kitui na Makueni, kwa kutumia vitabu viwili vilivyopata kutahiniwa katika shule za sekondari za Kenya.

Kisima kinachofungua matini

Tamthilia ya Kithaka wa Mberia, Kifo Kisimani, inahusu nchi ya Butangi inayotawaliwa na Mtemi Bokono. Wananchi wamebanwa, hata katika haki yao ya maji. Mwelusi anayewatetea anaandamwa na utawala, na mwishowe anauawa kisimani kwa mkono wa ndugu yake mwenyewe, Gege, aliyerubuniwa na watawala. Usomaji wa kawaida ni kwamba kisima ni ishara ya rasilimali za taifa na Bokono ni ishara ya udikteta. Usomaji huo ni sahihi. Ila una haraka: unakipita kisima kabla ya kukitazama, mithili ya msafiri apitaye mtoni usiku.

Mwalimu wa Kitui hawezi kukipita hivyo. Kwanza, sikio lake linamzuia. Neno la Kikamba kwa kisima ni kithima, na katika Yatta, upande wa Machakos, uko mji uitwao Kithimani, maana yake kisimani. Kwa msomaji wa Kikamba anwani ya tamthilia hii haiko mbali. Ni jina la mahali panapopitiwa na magari. Pili, jicho lake linamzuia. Mito ya nchi yake, kama Thua na Tiva huko Kitui, au Kaiti na Thwake huko Makueni, kwa sehemu kubwa ya mwaka ni njia za mchanga. Maji yamo chini ya mchanga, na kisima ni shimo linalochimbwa kwa mkono, linalozungushiwa miiba ili mifugo isiingie, na kuongezwa kina kadiri kiangazi kinavyozidi. Wanawake hupanga foleni hapo na punda wao na mitungi yao. Kisima cha namna hii ni mahali pa majirani. Mtu hukutana hapo na shemeji yake, na adui yake, na mtu anayemdai.

Mwalimu akitoa ushuhuda wake kwa kuanzia hapo, je, ametoka nje ya kitabu? Kwa kipimo cha Richards yuko katika hatari ya kutoka. Lakini tazama kumbukumbu hiyo inavyofanya kazi. Inamfanya aulize swali ambalo usomaji wa haraka hauulizi: kwa nini mwandishi amemwulia Mwelusi kisimani, akaacha gereza, ambako madikteta huua kwa urahisi zaidi? Na kwa nini muuaji ni ndugu? Kwa anayejua kisima cha mchanga, jibu linaanza kuonekana. Kisima ndipo mahali ambapo mtu huenda bila silaha, kwa sababu kila mtu ana shida moja. Kuua hapo ni kuuvunja mkataba ambao hata maadui huuheshimu. Na anayeweza kuuvunja ni yule tu asiyeshukiwa, yaani ndugu. Udikteta wa Bokono umefikia kilele chake pale ulipofaulu kumwingiza muuaji katika foleni ya maji. Kumbukumbu ya mwalimu imeipa ishara mwili wake.

Hiyo ni nusu ya kwanza tu. Nusu ya pili ni matini kumkatalia mwalimu. Kwa kuwa anaujua ukame, atashawishika kusema kwamba Butangi ni nchi kame kama yake, na kwamba shida ya watu wake ni shida aliyoizoea. Hapo tamthilia inasema hapana. Mashaka ya Butangi juu ya maji hayakuletwa na mbingu. Yameletwa na utawala. Msomaji aliyezoea kumtazama Mungu na mawingu anageuzwa uso na kutazamishwa ikulu. Hatua hii ni ngumu, maana inamnyang'anya kumbukumbu aliyoingia nayo, lakini ndiyo hatua inayoutenganisha uhakiki na masimulizi ya nyumbani.

Kisha kumbukumbu inarudishwa kwake ikiwa imegeuka. Kwani hata kiu ya nchi yake yote haitoki mbinguni. Mchanga wa mito ndio unaoyahifadhi maji yasikauke juani. Kwa sababu hiyo wananchi wa Kitui, wakishirikiana na shirika la SASOL, wamejenga tangu miaka ya 1990 mamia ya mabwawa ya mchanga, yaani kuta zinazokinga mto ili mchanga ujae nyuma yake na maji yakae ndani ya mchanga. Mchanga huo huo hutafutwa na wajenzi wa majumba ya miji. Malori yaliuchota mito ya Makueni hadi mingine ikabaki mwamba mtupu, visima vikafa, na watu wamepoteza maisha katika ugomvi juu ya mchanga. Mwaka 2015 kaunti ilitunga sheria maalumu ya kuuhifadhi mchanga na kusimamia matumizi yake. Mwalimu aliyemsoma Kithaka wa Mberia kwa ukamilifu hataliangalia tena lori la mchanga kwa jicho la zamani. Kifo kisimani kwake si ishara tena, wala si jambo la Butangi peke yake. Ushuhuda wa mwendo huu, kutoka kumbukumbu hadi matini, kutoka matini hadi kukataliwa, na kutoka kukataliwa hadi kumbukumbu mpya, ni uhakiki kwa kila maana ya neno hilo.

Mahubiri yanayofunga matini

Mfano wa pili unakwenda kinyume. Riwaya ya Said Ahmed Mohamed, Utengano, iliyotoka mwaka 1980, inatuonyesha Bwana Maksuudi, mtu mwenye cheo na tamaa ya cheo zaidi, anayemweka mkewe Bi Tamima na bintiye Maimuna katika utawa mkali nyumbani, huku yeye mwenyewe akiwa na mambo yake nje. Nyumba inapovunjika, Maimuna anaangukia katika maisha ya ulevi na ya kuuza mwili, kisha anaanza safari ndefu ya kurudi.

Kwa mwalimu wa Ukambani utawa wa nyumba za pwani ni jambo la mbali. Hana kumbukumbu ya kuingia nayo. Panapokosekana kumbukumbu, majibu ya akiba hushika nafasi. Na akiba aliyo nayo mwalimu, hasa aliyekabidhiwa ulezi wa wasichana wa bweni, ni hofu juu ya wasichana. Hivyo ushuhuda wake huelekea kuwa hivi: Maimuna alitoroka, mji ukamharibu, nanyi wasichana angalieni. Maneno hayo hutoka katika moyo mwema. Mwalimu amewaona wanafunzi wake wakiacha shule kwa mimba, na kitabu kimempa nafasi ya kusema jambo linalomuuma.

Hata hivyo riwaya yenyewe haisemi hivyo. Mwandishi ameupanga msuko wake kiasi kwamba kila anguko la Maimuna linafuatika nyuma hadi katika mlango aliofungiwa. Binti asiyefundishwa dunia hawezi kulaumiwa kwa kutoijua. Anayepaswa kutetemeka katika usomaji wa Utengano ni mlezi mwenye funguo, na katika shule ya bweni mwenye funguo ni mwalimu. Kitabu kinamnyooshea kidole msomaji wake, naye anakiepa kidole kwa kukielekeza kwa wanafunzi. Huku ndiko kukataa kukataliwa na matini. Mwalimu ameongea kwa hisia, pengine kwa machozi, lakini hakusoma.

Ulinganisho huu unafundisha kwamba ubora wa ushuhuda haupimwi kwa ukaribu wa maisha ya msomaji na maisha ya kitabu. Mwalimu wa Makueni angeweza kuusoma utawa wa Maimuna vizuri sana kama angeuliza ni milango gani iliyofungwa katika nchi yake mwenyewe, na nani ana funguo. Vilevile mwalimu mwenye kisima nyuma ya nyumba yake angeweza kuisoma Kifo Kisimani vibaya, kama angeishia kusema kwamba kwao pia maji ni taabu. Kinachopimwa ni mwendo: je, msomaji alirudi?

Vitabu visivyotajwa na lugha isiyosikika

Yako mambo mawili ambayo ushuhuda wa walimu huyaficha, na hayana budi kutajwa.

La kwanza ni vitabu vyenyewe. Mwalimu anapotakiwa kutaja vitabu vilivyomjenga, hutaja vile vinavyofaa kutajwa: Shaaban Robert, kitabu cha mtihani, Biblia. Lakini Makueni ni nchi ya David Maillu, aliyezaliwa Kilungu mwaka 1939, ambaye vitabu vyake vya miaka ya 1970, kama My Dear Bottle na After 4.30, vilisomwa na umati wa watu na kushutumiwa na wahakiki, na ambavyo Tanzania ilivipiga marufuku mwaka 1976. Si rahisi kuamini kwamba umati huo haukuwa na walimu ndani yake. Mwandishi huyo huyo alitoa mwaka 1989 Without Kiinua Mgongo, kitabu kilichochanganya Kiingereza na Kiswahili katika sentensi moja, kama watu wanavyosema mjini. Mwalimu wa Kiswahili anaweza kukisoma huku akicheka, kisha akaipigia mstari mwekundu sentensi ya namna hiyo katika insha ya mwanafunzi. Hakuna unafiki wa lazima katika hayo. Kusanifisha lugha ni wajibu wake. Lakini pana mgogoro wa kweli baina ya msomaji na mwalimu ndani ya mtu mmoja, na ushuhuda unaoutaja mgogoro huo una thamani kuliko ushuhuda wa vitabu vya heshima kumi.

La pili ni lugha. Mwalimu wa Kitui husoma kwa Kiswahili, lakini sehemu ya kufikiri kwake hupita katika Kikamba, naye amefunzwa kuona jambo hilo kama udhaifu. John Mbiti, mzaliwa wa Mulango, Kitui, mwaka 1931, ambaye dunia inamjua kwa maandishi yake ya Kiingereza juu ya dini za Kiafrika, alianza kwa kuandika Kikamba: Mutunga na Ngewa Yake kilitoka mwaka 1954, kabla ya mkusanyo wake wa Akamba Stories wa mwaka 1966. Neno ngewa lina faida kwa mjadala huu, kwa kuwa linabeba pamoja maana ya hadithi na maana ya mazungumzo. Ushuhuda wa usomaji ni ngewa ya namna hiyo hasa: hadithi ya kukisoma kitabu, inayotolewa ili ijibiwe.

Jamii ya Wakamba ina pia desturi ya kuzipa njaa zake majina, na majina hayo ni uhakiki uliofupishwa. Njaa ya mwaka 1984 iliitwa Nikw'a Ngwete, yaani ninakufa nami nimeshika, kwa maana ya kwamba fedha zilikuwamo mkononi na chakula hakikupatikana cha kununua. Jina hilo linawahusu wenye mshahara kuliko wengine wote, na mwalimu alikuwa wa kwanza miongoni mwao. Walimu waliokuwa kazini mwaka ule wamekwisha kustaafu, bali jina limebaki, na lina nguvu ya uchambuzi ambayo maneno "matatizo ya kiuchumi" katika mwongozo hayana. Mwalimu anayesoma habari ya njaa katika riwaya ya Kiswahili, na ambaye jina hilo linamjia, asilifiche. Alilete, alifasiri, aulize kama riwaya nayo imeona tofauti baina ya njaa ya asiye na fedha na njaa ya mwenye fedha. Kiswahili hakitapungukiwa kitu kwa swali hilo, kitaongezeka.

Pingamizi na hitimisho

Pingamizi tatu zaweza kutolewa. Ya kwanza ni ya muda: mwalimu mwenye mikondo mingi na madaftari mengi hana nafasi ya kutafakari. Hilo ni kweli, na hakuna makala yatakayompunguzia madaftari. Lakini mazungumzo juu ya vitabu hufanyika hata sasa. Kinachokosekana ni kusikilizwa. Ya pili ni ya mtihani: mwanafunzi asiyeorodhesha hoja zilizomo katika mwongozo wa kusahihishia atapoteza alama. Nayo ni kweli kwa kiasi. Hata hivyo mwanafunzi aliyeelewa kwa nini Mwelusi aliuawa kisimani ataandika hoja hizo hizo kwa uhakika zaidi, kwa kuwa anazijua zilikotoka. Ya tatu ndiyo nzito: kwamba ushuhuda ukiruhusiwa kuingia katika taaluma, kila mtu atakuwa mhakiki na vipimo vitapotea. Jibu ni kwamba vipimo vipo, na vimeonyeshwa. Kila ushuhuda na uulizwe maswali matatu: umetaja mahali hasa katika kitabu palipokushika? Mahali hapo, pakisomwa tena, panaruhusu ulichokisema? Na kitabu kilikukatalia nini? Ushuhuda usioweza kujibu swali la tatu bado haujakomaa.

Wajibu wa vyuo katika jambo hili uko wazi. Idara za lugha hupeleka wanafunzi wao shuleni kwa mazoezi ya kufundisha, na wahadhiri huwafuata ili kuwakagua. Mhadhiri hukaa nyuma ya darasa, hutazama andalio la somo, huuliza juu ya shabaha na nyenzo. Si shida kubwa kuongeza swali moja: wewe mwenyewe kitabu hiki kilikufanya nini? Na si shida kubwa kwa majarida ya idara kutenga kurasa chache kwa majibu ya swali hilo, yakihaririwa kwa ukali ule ule wa makala nyingine.

Kinachoweza kupotea si kidogo. Mwanafunzi wa Mwingi au wa Wote ambaye kwa miaka minne hajamsikia mtu mzima akisema kwamba kitabu cha Kiswahili kilimbadilisha, ataondoka shuleni akiamini kwamba vitabu hivyo havimbadilishi mtu. Atakifunga kitabu siku ya karatasi ya tatu, na hatakifungua kingine. Baada ya miaka kadhaa huenda yeye mwenyewe akawa mwalimu, akapewa azimio la kazi lenye safu nyembamba upande wa mwisho, akaandika ndani yake kwamba somo lilifaulu.